Maji Katika Dawa ya Kupe

Majirani zangu wa Amagoro, nisikilizeni, na anayejijua asinune.

Asubuhi, bomani kwa mzee Ochom palipendeza. Maksai wake wawili wa kulimia walicheua taratibu, naye mkewe, Amoding, akikamua ng'ombe huku akiimba wimbo wa kanisani.

Kijiji kizima tulikuwa na pampu moja ya kunyunyizia dawa ya kupe. Ilizunguka boma hadi boma, na kila aliyeipokea aliongeza maji kwenye dawa iliyobaki. Ochom ndiye aliyetufundisha ujanja huo, nasi wajinga tukamsifu.

"Mzee, wewe unatia maji kwa dawa ama dawa kwa maji?" Amoding alimuuliza.

"Mama, wacha maneno. Si kupe wanaanguka?"

"Wengine wanabaki."

"Hao wachache watafanya nini?"

Watafanya nini! Walizaa, ndugu zangu. Msimu baada ya msimu wanyonge walikufa, wagumu wakabaki, wakazaa wagumu wenzao.

Mwaka huu maksai mmoja alivimba tezi chini ya masikio, dalili ya ugonjwa unaoletwa na kupe, akakataa majani. Ochom akaingiwa na hofu. Alinunua chupa mpya, akaichanganya sawasawa bila hila. Kupe hawakutikisika. Walining'inia masikioni, wamenona. Daktari wa mifugo, Akumu, alipofika, maksai wa pili alikuwa akitoa povu puani.

"Daktari, wameniuzia dawa feki?"

"Dawa ni mzuri, mzee. Kupe ndio si wale wa zamani. Nyinyi mmeua wanyonge, mkaacha wale wagumu wakuwe mbegu."

"Basi leta dawa ingine!"

"Nitaleta ya aina ingine. Lakini hawa wako, mzee, tumechelewa."

Maksai walikufa, na ng'ombe wa maziwa akafuata. Kwetu pia walikufa, maana pampu ilikuwa moja. Kisha mvua ikanyesha vizuri ajabu, na kijijini hapakuwa na mnyama wa kuvuta plau wala jirani wa kutuazima. Nilimwona Amoding na jembe la mkono. Alilima kipande kisichozidi mkeka, akaketi kwenye tope, akalia. Ochom alisimama kando. Mimi nami roho iliniuma.

FUNZO

Rahisi ni ghali. Dawa iliyopunguzwa nguvu haimmalizi adui, humchagulia watoto wagumu. Pimeni dawa kama mlivyoelekezwa, na jirani akikosea mwambieni mapema, msimsifu. Sisi tulisifu, na mwaka huu watoto wetu watalala njaa.