Mwenye Hoteli ya Jebel Ali

— Hallo, mkwe wangu! Pole na kazi za ofisini!

Teopista aliibana simu kati ya sikio na bega. Mkono mmoja ulishika mwiko, mwingine mfuniko wa sufuria la maharage. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na madereva walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Huyo kijana wangu Chacha hapatikani tangu jana, nikasema leo najitosa, nampigia mkwe mwenyewe. Mabosi wako hawatakasirika? Chacha kasema kwenye hayo maghorofa mkishika simu mnafokewa.

— Maghorofa yapi, mama?

— Si hiyo Jumera sijui Jumeira, kwenye minara. Kijiji kizima kinajua Chacha kapata sekretari.

Teopista akatazama mbele yake. Hakukuwa na mnara hata mmoja. Kulikuwa na mabenchi, moshi wa nyama choma, na nje, matrela yamejipanga kwenye mchanga mpaka jicho lichoke. Alipofika hapa mara ya kwanza hapakuwa na hata kibanda. Madereva walipikia chini ya matrela yao huku upepo ukiwatia mchanga kwenye ugali. Yeye, binti wa Bukoba aliyekuja Dubai kufanya kazi za ndani, alimwambia aliyekuwa bosi wake, madam Hind, "Madam, pale pana watu wenye njaa." Madam Hind akaja, akatazama, akacheka, kisha akakubali leseni itoke kwa ubia wao wawili. Watu walisema mwanamke Mwafrika hatamaliza hata mwezi katikati ya malori. Leo dereva akitoka mpaka wa Saudia au Omani, anampigia mwenzake anamwambia, "Tukutane kwa Teo."

Angeweza kunyamaza. Mama wa watu yuko mbali, uongo si wake. Lakini ulimi ulikataa.

— Mama, nisamehe. Mimi si sekretari. Nina hoteli ya madereva, yadi ya malori, Jebel Ali. Napika, napakua, na jina lililoandikwa pale mlangoni ni langu.

 Teopista akageuza maharage akisubiri kufokewa.

— Asubuhi unapika nini? mama akauliza.

— Chapati, maharage, supu ya mbuzi, chai ya tangawizi.

— Na wakija wakorofi?

— Nawatoa, mama.

— Mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Eeh. Na Chacha kakwambia mimi ni nani?

— Mwalimu mstaafu.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikakatika ghafla kama kamba.

— Mwanangu, mimi hilo darasa lenyewe sikulikalia. Nilipika Sirari, mpakani, pale malori yanaposubiri kuvuka. Chacha kakulia nyuma ya jiko langu. Shule yake yote ilitoka ndani ya sufuria. Mwambie anipigie. Mwambie sina hasira.

Mara akajisahihisha.

— Hapana. Mwambie ninayo.

Jioni ile Chacha aliegesha trela lake, akaoga, akavaa shati jeupe, akaingia hotelini akitabasamu. Alikuwa mwanaume wa kutazamwa, mrefu, mpole wa sauti. Teopista alimpenda tangu alipomuona akishuka kwenye trela barabarani kumsaidia Mpakistani asiyemjua kubadilisha tairi kwenye jua kali.

— Teo, leo nina jambo.

— Hata mimi ninalo. Anza wewe.

Akatoa kisanduku kidogo chekundu. Hoteli nzima ikalipuka kwa miluzi. Justus, Mkenya aliyekuwa mlinzi wa yadi, akapanda juu ya benchi.

— Yalla, bro! Piga magoti, usituangushe!

Chacha hakupiga magoti. Aliinama, akanong'ona.

— Tufunge ndoa mwaka huu. Hii hoteli tumwachie madam Hind. Nimeshakutafutia kazi ya ofisini, safi kabisa.

— Kwenye minara?

Tabasamu likamganda usoni.

— Mama yako amepiga simu, Chacha. Mwalimu mstaafu. Kumbe ni mpishi wa Sirari, na mimi kumbe ni sekretari.

— Teo, tuongelee nje.

— Tuongelee hapa. Hapa ndipo unaponionea aibu.

Miluzi ilikwisha.  Chacha akashusha sauti.

— Hujui walivyokuwa wanamwita mama yangu. Mwanamke wa malori. Mimi shuleni nilipigana kila wiki kwa ajili ya jina hilo. Sitaki mke wangu aitwe hivyo.

— Ulipigana nao utotoni, ukubwani ukakubaliana nao.

— Sijakubaliana nao!

— Umemfuta mama yako, Chacha! Ukaja kunifuta na mimi! Funga hicho kisanduku. Mimi sivikwi pete ya mwanamke asiyekuwepo. Kamvike huyo sekretari.

Chacha akatoka. Usiku ikaingia meseji: "Teo nisamehe. Nakupenda kuliko unavyojua."

Akamjibu: "Unayempenda yuko kwenye minara. Mimi sina namba yake. Khalas, yamekwisha."

Akalia, ndiyo. Alimpenda yule mtu. Asubuhi akaosha uso, akawasha jiko.

Wiki mbili baadaye ikaja ile mvua ya Aprili ambayo kila aliyekuwa Dubai anaikumbuka. Mbingu iligeuka kijani mchana kweupe, maji yakamwagika kama yamechoka kushikiliwa. Barabara zikawa maziwa, magari madogo yakaelea kama ndala. Umeme ukakatika. Hoteli ya Teopista ilikuwa kwenye mwinuko, na ilikuwa na mitungi ya gesi.

— Siste, watu wanazidi kuja! Justus alipiga kelele kutoka mlangoni. Wengine hata si madereva!

— Waingie.

— Na wasio na pesa?

— Nimekuuliza habari ya pesa? Waingie! Akina mama na wenye watoto ndani kabisa, madereva wapishe mabenchi. Edna, ongeza maji kwenye maharage! akamwagiza msaidizi wake wa jikoni.

Simu ikaita. Madam Hind.

— Teopista, funga hoteli, namtuma ndugu yangu na gari kubwa akuchukue.

— Madam, nina watu hapa. Siwezi.



— Basi sema unahitaji nini.

— Maji ya kunywa na mchele, kama kuna njia.

— Inshallah itapatikana.

Alasiri, honi nzito ikasikika. Trela likaja polepole likipasua maji, juu yake wamekaa wanawake wenye sare za kiwandani, wameloa chapachapa, wameshikana mikono. Basi lao lilikuwa limezama kule Dubai Investments Park. Mlango wa dereva ukafunguka, Chacha akashuka, maji yakamfika mapajani. Akawabeba mmoja mmoja mpaka mlangoni. Alipomaliza, akasimama mbele ya Teopista akitetemeka kwa baridi.

— Nifanye nini?

— Sahani zimekwisha. Kaoshe.

Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa nyuma ya jiko, akaosha. Hapo ndipo Faustine, dereva wa kijijini kwao ambaye naye mvua ilimkwamisha, akamuona.

— Chacha? We Chacha! Unaosha vyombo kwenye hoteli ya mwanamke? Sekretari wako akikuona je?

Wachache wakacheka. Teopista alikuwa anapakua ugali. Mwiko ukasimama hewani.

Chacha akainuka, povu likimtiririka viwikoni.

— Hakuna sekretari, Faustine. Nilidanganya. Mwanamke ninayempenda ni huyu hapa, mwenye hoteli, aliyekupa hiyo sahani unayokulia. Na mama yangu hakuwa mwalimu. Alipika Sirari, na wewe ulikuwa unakuja nyumbani kwetu kula mabaki ya wateja tulipokuwa wadogo. Nenda ukawaambie hivyo kijijini. Ukimaliza kula, njoo tusaidiane kuosha.

Faustine akatazama sahani yake. Akanyanyuka, akaenda kuchuchumaa pembeni yake.

 Teopista hakukimbilia kifuani kwa mtu.

— Sahani zimekwisha? aliuliza.

— Bado kidogo.

— Malizeni, watu wana njaa.

Maji yalipopungua, siku kadhaa baadaye, Chacha alirudi bila shati jeupe.

— Nimempigia mama. Kanitukana kwa Kikurya na kwa Kiswahili. Nimemuomba radhi, na nimemkatia tiketi. Teo, sikuombi uache chochote. Naomba nafasi tu.

— Mke wako ataitwa mwanamke wa malori.

— Wataniita mume wake.

Teopista akamtazama mpaka jasho likamtoka yule bwana. Kisha akanyoosha mkono.

— Haya. Nivike, kabla wateja hawajaja.

Walifunga ndoa kanisani palepale Jebel Ali. Karamu ikawa hotelini, matrela yamefungwa maua mpaka kwenye vioo. Madam Hind alikaa meza ya mbele na Edna, akila ndizi kwa mkono. Mama Chacha, kitenge kipya mwilini, hakuketi. Alizunguka jikoni, akafunua kila sufuria, akafunga kanga kiunoni. Teopista, na shela lake kichwani, akawa amekwisha kushika upawa.

— Mama, pumzika, wageni ni wangu.

— Nipe huo upawa. Wewe ndiye bibi harusi. Leo napakua mimi.

Mama akapita meza kwa meza, Chacha nyuma yake na suti yake amebeba sinia zito. Kila meza Chacha alisimama, akasema kwa sauti, bila kuulizwa:

— Huyu ni mama yangu. Ni mpishi.

Na kila meza, madereva wa Kihindi, Wapakistani, Wakenya, Waganda, Watanzania, walisimama kumpokea.

Teopista alikuwa hajawahi hata mara moja kukaa ndani ya hoteli yake wakati watu wanakula. Siku hiyo alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani, akawatazama wote wakishiba.