Kipanga Aliyemlilia Emmett

Emmett alichagua kwenda kwenye kituo cha kufugia vipanga siku ya Jumamosi kwa sababu, alivyojua yeye, mpenzi wake Nerea hakuwa akifanya kazi Jumamosi. Alitaka amwone yule kipanga aliyemjua tangu akiwa kinda tu, kisha arudi zake mjini Boise kimyakimya. Lakini katikati ya wageni waliobanana na vikombe vyao vya kahawa alisimama Nerea mwenyewe, shati la kijani, nywele kazifunga kwa kitambaa chekundu, kipanga juu ya glavu yake ya ngozi.

Alikuwa akiwaeleza wageni kwamba makinda hulishwa kwa kikaragosi chenye kichwa cha kipanga, mlishaji akiwa nyuma ya pazia, kimya kabisa. Kinda likimzoea binadamu haliwezi tena kuachiliwa porini.

"Kama huyu," alisema. Hakusema kwamba kosa lile alibebeshwa yeye, akaondolewa kwenye nyumba ya makinda na kupewa kazi ya wageni wa Jumamosi.

Emmett alijua kosa ni la nani. Kila jioni alipomsubiri Nerea amalize kuosha vyombo vya ndege, alifunua pazia akalisimulia kinda hilo habari za ofisini kwake, huku akilimegea nyama. Nerea alipompigia simu akilia kwamba amelaumiwa, alimwambia tu pole, mpenzi. Baada ya hapo hakupokea simu zake.

Nerea alimwona. "Nilidhani umehama nchi," alisema. Wageni wakacheka.

"Nipo," Emmett alijibu.

Kipanga aligeuka kwa sauti ile, akainama, akatetemesha mabawa na kumlilia kama kinda linaloomba chakula. Nerea alimtazama ndege, kisha akamtazama Emmett. Akawaomba wageni watangulie kwenye chumba cha mayai.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mimi nilidhani umenikimbia kwa kunionea aibu."

"Nilijionea aibu mwenyewe. Niambie mkurugenzi yuko wapi, nikamweleze."

Nerea akamwonyesha mlango wa ofisi ya mkurugenzi. Kipanga alikuwa bado analia.

"Ukitoka huko rudi umlishe mwanao," Nerea alisema. "Mimi hajawahi kunililia hivi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Lakini sijasema nimekusamehe."

Emmett akaenda kugonga mlango.