Kifungo Kisicho na Matundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi mbili: kumeza kidonge chake cha kifafa na kupanga vifungo kwenye makopo kwa rangi. Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi uliochoma bila kuumiza. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza mwaka bila kuanguka, atamfundisha kushona kwa cherehani. Ilibaki miezi miwili.

Lakini mwezi ule Sindano alinyamaza. Chakula hakikupita kooni. Shairi alilolijua vizuri lilimpotea mbele ya darasa zima. Moyo ulikuwa mzito, na hakujua kwa nini. Akaamua kwamba mchawi ni dawa mpya aliyoanzishiwa kliniki karibuni. Kwa siku tatu alijifanya anameza, kisha akavitumbukiza vidonge kwenye kopo la vifungo vyeupe.

Siku ya nne, baba alikuwa akimalizia shati la mteja mwenye haraka. Alichota kifungo, akalitafuta tundu lake kwa ncha ya sindano. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Miaka ishirini nashona," alisema, "sijaona kifungo kisicho na matundu."

Mteja akacheka. Baba hakucheka, maana alikuwa amekitambua.

"Mwanangu, umeacha dawa?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Sindano alikitazama kidonge kiganjani mwa baba, akaumeza uongo wake.

"Ndiyo, baba. Sina raha na chochote siku hizi. Niliogopa mtasema nadeka."

Baba akafunga duka, wakaenda kliniki. Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza Sindano mpaka mwisho.

"Fundi, kitambaa kikipigwa pasi mara nyingi kikiwa kimekunjwa, inakuwaje?"

"Kinashika mkunjo, daktari. Ukikigusa tu, kinajikunja palepale."

"Ubongo nao hushika njia unazozizoea. Kifafa kikirudi mara kwa mara kinaweza kujichongea njia, na dawa hukizuia. Lakini ubongo huohuo ndio wenye furaha na huzuni. Kifafa chenyewe huweza kuleta sonona, yaani huzuni isiyoondoka. Dawa nyingine nazo huileta kwa baadhi ya watu. Uzuri ni kwamba ubongo hujifunza upya. Tutabadilisha dawa taratibu, na wewe binti utakuja tuzungumze kila wiki. Ila kuacha ghafla, hapana! Ungeweza kuanguka vibaya."

Miezi miwili ikapita, Sindano hakuanguka. Yule mteja alirudi na suruali ya kupunguzwa.

"Shikamoo. Shati lako vipi?" Sindano aliuliza. "Vifungo havikuyeyuka ulipofua?"

Mteja alicheka mpaka akashika meza. Baba naye, safari hii, alicheka.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia binti yake. "Huzuni nayo ni maradhi, mwanangu. Ukiisema, tunaitibu pamoja."

Kisha akainuka kwenye kiti cha cherehani, akampisha akae.