Yai Juu ya Kioo

Mahrokh alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akala wali uliobaki, kisha akaingia jikoni kuendelea na kazi yake. Tangu baridi ianze alikuwa akikusanya maganda makavu ya vitunguu katika mfuko wa nguo, na sasa mfuko ulikuwa umejaa. Nairuzi, mwaka mpya wa Wairani, ilikuwa keshokutwa. Katika nyumba yao mjini Ardakan, mayai ya mwaka mpya yalikuwa jukumu lake.

Aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu. Alibandika jani la kotmiri kwenye ganda la yai, akalifunga kwa kipande cha soksi nyembamba iliyochakaa, akalichemsha pamoja na maganda ya vitunguu na siki kidogo. Alipolifungua, yai lilikuwa na rangi ya matofali, na pale palipokuwa na jani pamebaki picha nyeupe. Mengine aliyapaka manjano. Lililopendeza kuliko yote aliliweka kando kwa ajili ya kioo.

Yai la kioo lilikuwa la Bibi Golandam, mama wa mama yake. Kila mwaka familia iliketi kuzunguka kitambaa kilichopangwa ngano iliyochipua, tufaha, siki na vitunguu saumu, na katikati kililazwa kioo chenye yai juu yake. Bibi aliamini kwamba dunia imekaa kwenye pembe ya ng'ombe dume, na mwaka unapogeuka ng'ombe huihamishia kwenye pembe ya pili, na yai hutikisika. Mahrokh alikuwa amesoma shuleni kwamba hakuna ng'ombe. Kila mwaka alilitazama yai bila kupepesa macho, na hakuwahi kuliona likitikisika.

Mwaka huu yai lilipewa kazi nzito zaidi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, na jicho la kulia lilikuwa karibu limefunikwa kabisa. Daktari wa macho aliyekuja kutoka Yazd alimpangia upasuaji mara baada ya sikukuu. Asipofanyiwa wakati huo, angesubiri mpaka daktari arudi majira ya vuli. Bibi alikataa. Sima, mama yake Mahrokh, alimbembeleza sana. Alimwambia ni kitu kidogo tu, wala hatasikia chochote. Kadiri alivyobembelezwa ndivyo Bibi alivyozidi kushuku.

"Mkishaanza kuniongelesha kama mtoto mchanga, najua kuna jambo," alisema. "Nitaliuliza yai. Likitikisika, nakwenda. Likitulia, mniache na macho yangu. Yai halijui kusema uongo."

Siku ya mwaka mpya, Mahrokh alipokuwa akipanga kitambaa, aliona kitu kisichokuwa sawa. Yai lililokuwa juu ya kioo lilikuwa na picha ya jani na rangi ileile, lakini upande mmoja lilikuwa na baka, kama kichwa kinachoanza kupata upara. Yai alilolichagua yeye halikuwa na baka. Alifikiri. Yai zima huzama ndani ya rangi na kukolea pande zote. Hili lilikuwa limeelea. Alilinyanyua, likawa jepesi kama karatasi. Kwenye kila ncha palikuwa na tone la nta, na chini ya nta palikuwa na tundu la sindano.

Alifungua friji. Ndani ya kikombe kulikuwa na kiini na ute wa yai. Kwenye pipa la taka hapakuwa na ganda hata moja. Basi mtu alikuwa amelitoboa yai bichi, akalipuliza mpaka likabaki tupu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa kaka yake Keyvan, ambaye mwaka uliopita aliweka chumvi kwenye bakuli la sukari wageni wakiwa sebuleni. Alimkuta uani akijaza upepo baiskeli. Keyvan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Inspekta wa mayai," alisema. "Ningekuwa mimi, lingekuwa na miguu. Na hilo jani ningelibandikaje, mimi nisiyeweza hata kufunga kamba za viatu?"

Hilo lilikuwa kweli. Mahrokh alirudi kwenye kioo na kulichunguza yai upya. Kwenye nta ya ncha moja aliona uzi wa hariri, mwembamba kama unywele, wa rangi ya majivu. Uzi huo ulipita chini ya kitambaa na kutokeza kwenye mto ambao mwaka huu Mama alisema ataukalia yeye; mvuto mdogo tu wa uzi ungelitikisa yai hilo jepesi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na wiki nzima alikuwa akipinda nguo za rangi ya majivu. Mahrokh alitamani aliyefanya hivyo angekuwa Keyvan.

Mama alikuwa jikoni akikaanga samaki. Alipoliona yai mkononi mwa binti yake, alizima jiko.

"Funga mlango," alisema. "Unataka bibi yako apofuke?"

Mahrokh alisema hataki.

"Basi nyamaza mpaka saa kumi, mwaka uingie. Ni hilo tu ninalokuomba."

Mahrokh alisimama pale na yai lake. Akinyamaza, Bibi angekwenda kufanyiwa upasuaji. Akisema, huenda angekataa, na daktari alikuwa ameonya kwamba kuchelewa kungeifanya kazi kuwa ngumu zaidi. Lakini baada ya upasuaji kulikuwa na dawa za kutia na masharti ya kufuata. Bibi akija kugundua ule uzi, angemwamini nani tena?

"Samahani, Mama," alisema, akatoka.

Alimkuta Bibi amekaa dirishani, akamwekea yai kiganjani. Bibi alilipima uzito. Vidole vyake vikaifikia nta, kisha uzi, vikatulia.

"Nani?"

Mahrokh aligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Ni mimi, Mama," Sima alisema.

Bibi aliuzungusha uzi kidoleni. "Kumbe hata yai mmelifundisha uongo," alisema.

Ndipo Mahrokh akaomba amweleze yale daktari aliyoyasema. Siku ya kupimwa macho Bibi alikuwa nje amefumba macho akisubiri dawa ifanye kazi, na maelezo yote walipewa Mama na Mahrokh. Hakuna aliyewahi kumweleza Bibi mwenyewe.

"Watang'oa jicho?"

"Hapana. Ndani ya jicho kuna lenzi. Yako imeingia ukungu. Watapasua mpasuo mdogo, waitoe, waweke nyingine safi."

"Itauma?"

"Watatia dawa ya ganzi. Utahisi jicho likibonyezwa, na baadaye litawasha siku kadhaa."

"Na nitaona?"

"Daktari alisema wengi huona tena. Hakusema wote."

"Hakusema wote," Bibi alirudia polepole. "Kumbe ni mtu wa kweli. Mbona mlinificha hilo?"

Aliamuru yai zima lililochemshwa liwekwe juu ya kioo. Saa kumi mzinga wa mwaka mpya ulilia kwenye televisheni. Wote waliliinamia yai.

"Limetikisika?" Bibi alimuuliza Mahrokh.

"Hapana, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bibi alinyoosha mkono, akalipapasa yai mpaka akalishika, akaligonga kwenye ukingo wa sahani na kuanza kulimenya.

"Sima, sikukuu ikiisha mpigie daktari simu, mwambie nakuja," alisema. "Sasa hivi niletee chumvi."

Upasuaji ulifanyika siku iliyopangwa. Jicho liliwasha, kama alivyoambiwa, na Bibi alitia dawa zake bila kukosa, kwa kuwa alijua kila moja ilikuwa ya nini. Bandeji ilipotolewa, aliomba aletewe lile yai tupu. Aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baka lote hili," alisema. "Sima, hii ndiyo kazi ya fundi?"

Keyvan aliangua kicheko, hata Mama akacheka. Kisha Bibi aliwaita wakae karibu naye.

"Najua mlinihurumia," alisema. "Lakini jicho ni langu na hofu ni yangu. Mgonjwa mwambieni ukweli wote, ule mzuri na ule mbaya, kisha mumwache aamue. Sikukubali kwa sababu ya yai. Nilikubali kwa sababu mtoto huyu aliniambia hata lile ambalo sikutaka kulisikia, nikajua na mengine aliyosema ni kweli."

Alimkabidhi Mama yai, akamwambia aliweke karibu na cherehani, mahali atakapoliona kila siku.