Kabureta Kubwa Kwenye Lori la Kitwana

Mume wangu alinisukuma nje ya lori likiwa linatembea.

Ndiyo, mume wangu wa ndoa, Kitwana. Alifungua mlango, akanisukumiza kwa nguvu zake zote, nikaangukia mawe ya mlima wa Pugu...

Msianze kumtukana huko chini kwenye koment. Subirini kwanza. Mimi ni bibi kizee, mjukuu ndiye anabonyeza simu, ila maneno ni yangu na sitaki yapunguzwe.

Enzi za Mwingereza, mwaka hamsini na tatu. Tulikuwa tunaishi Kisarawe. Kitwana alikuwa na kilori kidogo cha kupeleka abiria na mihogo Dar. Kaka yake, Mwinyijuma, naye alikuwa na lori, kubwa kuliko letu.

Siku moja Mwinyijuma akamletea zawadi. Kabureta ya lori kubwa, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kulisha injini.

"Mdogo wangu, injini yako haina pumzi. Funga hii, utapanda mlima unapiga mluzi."

Kitwana akamkumbatia. Tukaenda Kibaha kwa fundi Isihaka, karakana yake ya makuti ilikuwa kando ya barabara ya Morogoro.

Sasa Isihaka alikuwa Mnyamwezi. Sisi Wazaramo. Watani! Mtani akikutukana unacheka, akikutakia kifo unacheka zaidi.

Akaigeuzageuza ile kabureta.

"Nyie Wazaramo mkiona ngoma kubwa mnaikumbatia tu. Injini ndogo hii itavuta vipi hewa kwenye koo pana namna hii? Petroli itaingia matone mazito badala ya ukungu, nyingi ipotee bila kuwaka. Ukikanyaga mafuta mlimani itakabwa, izimike. Nitakuja kula ubwabwa wa matanga yako."

Tulicheka mpaka machozi, Kitwana akamrudishia:

"Mnyamwezi wewe, kazi yenu kubeba mizigo kichwani. Injini umezijulia wapi?"

"Haya, shingo yako." Akaifunga.

Kwenye tambarare lori lilikwenda, ingawa lilikuwa linakohoa na kunywa petroli balaa. Halafu siku hiyo tukawa tunarudi toka Dar na shehena ya saruji, wawili tu.

Katikati ya mlima Kitwana akabadilisha gia, akakanyaga mafuta. Injini ikakohoa... ikazimika.

Akashika breki. Mzigo ukazishinda. Lori likaanza kurudi nyuma, linaelekea korongoni.

Ndipo aliponisukuma.

"Toka, Mwanne. Toka."

Yeye hakuwahi kutoka.

Eda ilipoisha, Mwinyijuma akaja na wazee. Anataka kunirithi. Mila ilimruhusu, na mimi sikuwa na mtu. Nilishaanza kuinamisha kichwa nikubali.

Mara akatokea Isihaka, amekuja kunipa pole. Hakutania hata neno moja. Nikaogopa.

"Bi Mwanne, nilijua mtani haaminiki. Kwa hiyo kesho yake baada ya kuifunga nilimfuata kaka mtu. Nikavua kofia, nikamwambia bila mzaha, mdogo wako atakufa, mwambie aitoe kabureta ile. Akanijibu atamwambia."

Wazee wote wakamgeukia Mwinyijuma. Mimi ndiye nikamuuliza.

"Shemeji, alikwambia?"

Akajifanya anapangusa kofia yake.

"Nakuuliza wewe. Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Ukasahau?"

"Sikusahau." Jasho linamtoka. "Nilijua tangu siku namletea. Nilitaka lori lake lizimikezimike tu njiani, abiria wachoke, wapande langu. Sikutaka afe."

Jamani... abiria! Mume wangu yuko chini ya udongo kwa sababu ya abiria wa Kisarawe.

Mzee mmoja akaanza kusema yaliyopita yamepita, tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ameshasikia, sasa na nyie mmesikia, tokeni nyumbani kwangu. Wakatoka. Uchungu ule sijaumaliza mpaka leo.

Nyie wanangu, ukiona roho ya mtu iko hatarini, mfuate yeye mwenyewe. Mshike mkono, umwambie usoni, bila utani. Usimpe nduguye ujumbe ukalale ukidhani umefika.