Marta na Mlaji Asiye na Mdomo

Kitendawili! Hana mdomo, hana tumbo, lakini anakula uchafu wa nyumba nzima. Nani huyo? Umeshindwa? Nipe mji, basi. Usione haya. Hata Marta wa Ilomba alipotegewa na wajukuu wake alitoa mji.

Marta alikuwa msafi. Alifua, alifagia, akamwaga. Lakini maji yake ya kufulia na kuogea yaliteremka hadi uani kwa jirani yake, Tupokigwe. Yakatuama pale, meusi, yakinuka.

Siku moja Marta aliita kutoka kwenye ua: "Mwenzangu, Pasaka tunambatiza mjukuu. Utakuja tupike?"

Tupokigwe alilitazama lile dimbwi. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Marta hakulala vizuri. Miaka ishirini wamepikiana, msiba kwa harusi! Asubuhi akaenda kwa Goodness, afisa afya wa kata.

Goodness akaja na mafundi. Walichimba shimo la kunasa mafuta na makapi. Mbele yake wakachimba bwawa la kina kifupi la kupokea maji hayo, wakatandika turubai, wakazungushia uzio. Maji ya choo hayakuingizwa humo. Kisha Goodness akamimina majani madogo yanayoelea, madogo kama dengu.

Wiki ya tatu harufu ilikuwa imekwisha, na bwawa lote lilikuwa kijani. Marta akashtuka. "Wageni watanicheka!" Akayachota yote, hakubakiza hata moja. Siku chache tu, harufu ikarudi.

"Bibi, majani yako wapi?" Goodness aliuliza.

"Si uchafu ule? Nimeutoa!"

Goodness alicheka akashika kiuno. "Umemfukuza mfagiaji wako! Majani yale yanakula mbolea iliyo kwenye maji machafu. Na vijidudu vya kwenye mizizi vinavunjavunja uchafu."

"Hana mdomo, anakula..." Marta akashika kichwa. "Kumbe ndiye!"

"Ndiye. Ila yakijaa, vuna nusu kila wiki, utie kwenye mboji. Yakifia humo, yanaoza. Mtoni usiyatupe, yatazagaa. Maji yakitoka, mwagilia migomba. Si ya kunywa, wala ya kuoshea mboga."

Wakatia majani mengine. Safari hii Marta alivuna nusu, akaacha nusu. Migomba ikanywa maji, na dimbwi la kwa jirani likakauka.

Wiki ya Pasaka, Tupokigwe alisimama kwenye ua. Akavuta hewa puani. Akavuta tena.

"Marta! Lile swali lako la ubatizo."

"Eeh, mwenzangu?"

"Nitakuja. Ila mchuzi niachie mimi. Wewe ukiona giligilani inaelea, utaichota yote!"