Kipande cha Tatu

Jumatatu ile nilianza kazi kama kawaida: kuosha kalibu, kuzipaka mafuta, kumsikiliza Muhuri akijisifu. Muhuri ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ya zege pale kwenye ujenzi wa handaki. Tulimwita hivyo kwa sababu muhuri wa ofisi haukutoka mfukoni mwake, hata akienda msalani.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Zege likimwagwa handakini, unachota la hapohapo, unajaza kalibu tatu, na vipande vinavyopatikana unaviloweka siku ishirini na nane. Halafu unaviminya kwenye mashine. Vikistahimili uzito, basi na dari ya handaki itastahimili.

Vipande vya siku ile vilikuwa vya dari iliyomuua shemeji yangu.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, alikuwa fundi wa mbao mle ndani. Dari ilimwangukia wiki moja nyuma, mchana kweupe. Ripoti ikasema aliondoa nguzo kabla ya wakati, uzembe wake mwenyewe. Mama mkwe hakupata usingizi tangu hapo. "Mwanangu hakuwa mzembe," alikuwa akirudia. "Msimzike na uongo." Vipande vikifaulu, uongo ungepigwa muhuri na handaki lingefunguliwa. Vikianguka, jina la marehemu lingesafishwa.

Na vingefaulu tu. Nilijua, kwa sababu havikutoka handakini. Kule saruji ilikuwa inapunjwa; hivi vilikorogwa uani wiki nne kabla, nyuma ya maabara, saruji tele. Muhuri alinikabidhi koleo. "Wewe koroga, dada. Mengine niachie mimi." Nikakoroga, kazi nilikuwa naihitaji. Shemeji alipokufa nikamchukia Muhuri kana kwamba koleo alilishika yeye. Kila alipocheka niliuombea mabaya ule mkono wake unaopiga muhuri.

Kuna aliyenisikia.

Mashine yetu ilikuwa ya kusukuma kwa mkono: ukishusha mpini, bamba la chuma linateremka kidogo. Muhuri akaweka kipande cha kwanza. Nikashusha mpini mara moja tu. Kikasambaratika kama mkate mkavu. Mshale wa kipimo haukusogea hata kidogo.

"Ulikoroga nini wewe?" akanong'ona.

Cha pili hakikungoja mashine. Kilimong'onyokea mikononi mwake.

Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua tele dirishani, na mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi. Muhuri akakiingiza cha tatu, vidole vyake vikiwa bado juu yake. Mpini ukashuka. Sikuugusa. Ukapanda. Ukashuka tena. Bamba likatua juu ya vidole.

"Dada, acha!"

"Si mimi."

Ndani ya kipande, mtu akakohoa. Kikohozi cha mtu aliyejaa vumbi kooni. Nilikijua. Nilikuwa nikikisikia mezani kwangu kila jioni, miaka sita.

"Sema," sauti ikanong'ona.

Muhuri akasema. Alisema yote huku akilia: saruji iliyopunjwa, vipande vya uongo, nguzo alizoamuru yeye mwenyewe ziondolewe. Mhandisi mkuu wa ujenzi, aliyevutwa na kelele, alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi, anasikia kila neno. Mpini ukatulia. Sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi mno.

"Na nani alikoroga?" ikauliza ile sauti ya ndani ya kipande.

Muhuri akageuza shingo. Akanitazama. Midomo yake ikafunguka.

Nikaushika mpini kwa mikono miwili, nikaushusha kwa nguvu zangu zote.

Mhandisi alidhani nilikuwa napigana na mpini ili niupandishe, nimwokoe. Hadi leo ananisifia ujasiri. Muhuri alizimia palepale. Vidole vinne havikuokolewa, na tangu azinduke hajatamka neno. Analala tu akitazama ukuta wa wodi. Dari yote ilibomolewa, na jina la shemeji likasafishwa mbele ya wafanyakazi wote. Mama mkwe alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. "Umemlipizia kisasi mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kwa ulichofanya."

Sasa kila asubuhi naamka na saruji mbichi viganjani. Naosha kwa maji ya moto, nasugua kwa jiwe, lakini haiishi, inajificha kwenye mistari ya mikono. Juzi nilipoamka ilikuwa imeshakauka. Jana vidole viwili havikukunjika. Mume wangu aliona, akanikanda kwa mafuta ya uvuguvugu, taratibu, kidole baada ya kidole, akaniuliza nimepatwa na nini.

Nikamwambia ni baridi yabisi.

Leo ni mkono mzima.